Mali kwa Kauli: Jinsi Biashara ya Nje ya Zanzibar Ilivyolipwa, na Maneno Iliyoyaacha katika Kiswahili

Pembe ya ndovu iliyopatikana Manyema katika miaka ya 1870 ilipita katika mikono mingi kabla ya kufika Deep River au Ivoryton, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako ilipasuliwa vipande vyembamba na kubandikwa juu ya vitufe vya piano. Ilibebwa begani hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, ikavushwa kwa mtumbwi hadi Ujiji, ikapitia Tabora, ikashuka Bagamoyo, ikapakiwa katika jahazi, ikapimwa kwa frasila katika forodha ya Unguja, kisha ikaingizwa katika jahazi kubwa la Mmarekani au Mjerumani. Safari hiyo iliweza kuchukua miaka. Katika muda wote huo kuna swali ambalo wanahistoria wa uchumi wamelijadili sana, ilhali wanafunzi wa lugha hawajalipa uzito linalostahili: nani alikuwa amekwisha kulipwa, lini, na kwa kitu gani?

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba kabla ya mabenki watu walibadilishana mali kwa mali: nguo kwa pembe, shanga kwa chakula. Jibu hilo lina ukweli nusu. Bara, nguo na shanga zilifanya kazi ya fedha, wala hakuna anayelikana jambo hilo. Lakini mfanyabiashara wa Unguja aliyepeleka karafuu Bombay au pembe Salem hakusimama gatini akisubiri mwenzake ashushe bidhaa za thamani ileile ndipo aachie zake. Mali iliondoka leo na malipo yalikuja baadaye, pengine mahali pengine, pengine kwa mtu mwingine kabisa. Kilichojaza pengo baina ya kuondoka kwa mali na kufika kwa malipo ni ahadi, na ahadi hizo zilikuwa na majina. Reale, pesa, hundi, hawala, waraka, arbuni, rehani, amana, dhamana, kauli: orodha hii si ya watu wasiojua fedha. Ni msamiati wa jamii iliyoishi kwa kudai na kudaiwa ng'ambo ya bahari, na kila neno ndani yake limebeba alama ya bandari lilikotoka.

Yafaa kuanza na fedha yenyewe, kwa kuwa hata hiyo ilikuwa bidhaa iliyoagizwa. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 sarafu iliyotawala Zanzibar ilikuwa ile ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo Waswahili waliiita reale ya Sham. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake iliendelea kufuliwa ikiwa na mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wanunuzi wa Uarabuni na wa pwani zote za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliikataa sarafu yenye sura nyingine. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha halisi ndani yake ilizidi kidogo asilimia 83. Ndugu yake wa zamani alikuwa reale ya mzinga, yaani sarafu ya Wahispania yenye picha ya nguzo mbili, ambazo macho ya watu wa pwani yaliziona kuwa mizinga. Jina reale lenyewe lilitoka katika lugha za Wareno na Wahispania, ilhali neno fedha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina la madini. Aliyetaka kulipwa fedha alitaka hasa kulipwa madini hayo, na mizani haikuwa mbali.

Reale moja ilikuwa fedha nyingi mno kwa mnunuzi wa muhogo. Ndiyo maana katika miaka ya 1840 Seyyid Said bin Sultan aliagiza kutoka India sarafu ndogo za shaba, paisa, ambazo Kiswahili kilizipokea kwa jina la pesa. Leo neno hilo limeenea kuliko sarafu yoyote iliyowahi kuitwa hivyo. Limefika Kongo na Uganda, na wengi wanaolitamka hawana habari kwamba lilishuka jahazini kama jina la kipande cha shaba.

Lakini kielelezo kizuri zaidi ni neno thumuni, au sumni kama wengi wanavyolitamka. Kwa Kiarabu ni sehemu moja katika nane. Mzee wa Mombasa au wa Dar es Salaam aliyeita sarafu ya senti hamsini sumni alikuwa akiita nusu ya shilingi kwa jina la thumni, jambo ambalo kwa hesabu za shule halina maana. Maana yake inaonekana pale historia ya malipo inapofuatwa hatua kwa hatua. Thumni ilikuwa sehemu ya nane ya reale. Reale ilipobadilishwa kwa rupia za India ilipata zaidi kidogo ya rupia mbili. Kwa hiyo thumni ya reale ilikaribiana na robo ya rupia. Rupia ilipoondolewa katika Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka 1920 ilipewa thamani ya florini moja, yaani shilingi mbili, na mwaka uliofuata shilingi ikashika nafasi yake. Robo ya rupia ikawa nusu shilingi. Sarafu zilibadilika mara tatu, kutoka Austria hadi India hadi Uingereza, lakini jina lilikaa palepale mfukoni mwa mnunuzi. Ushahidi wa namna hii haupatikani katika nyaraka za makonseli. Umo katika mazungumzo ya sokoni.

Upungufu wa sarafu ulikuwa tatizo la kudumu. Reale ziliwasili na majahazi na ziliondoka na majahazi. Zilikwenda Uarabuni, zilikwenda India, na nyingine zilifukiwa ardhini au kuyeyushwa kuwa mapambo. Biashara kubwa ya nje isingeweza kungoja zirudi. Hapa ndipo linapoingia jengo ambalo kwa muda mrefu lilifanya kazi ya benki bila ya kuitwa benki, nalo ni forodha.

Mkataba baina ya Seyyid Said na Marekani, uliotiwa saini Muscat mwaka 1833 kwa upatanishi wa Edmund Roberts, uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoshushwa. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Ushuru huo haukukusanywa na maofisa wa Seyyid. Ulikodishwa. Mkodishaji alimwahidi mtawala kiasi maalumu kwa mwaka, kisha akakusanya mwenyewe, akabaki na ziada. Kuanzia miaka ya 1830 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa ukoo wa Bhatia kutoka Kutch. Kwa kuwa kila mfanyabiashara alikuwa na hesabu katika forodha, na kwa kuwa mkodishaji alikuwa na watu wake Mandvi, Bombay, Muscat na kila bandari ya Mrima, daftari la forodha likawa mahali pa kumalizia madeni. Mmarekani aliyemuuzia nguo mfanyabiashara fulani na kununua pembe kwa mwingine hakulazimika kupokea reale kwa huyu na kuzihesabu kwa yule. Jina moja lilipunguziwa katika daftari, jingine likaongezewa. Richard Waters, konseli wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837 na ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, alielewa upesi kwamba bila ya kuelewana na Jairam biashara yake isingekwenda. Hata Seyyid alikuwa mdaiwa wa nyumba hiyo, na alipofariki baharini mwaka 1856 deni hilo lilirithiwa pamoja na kiti. Msemo wa wafanyabiashara kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ungeweza kuandikwa juu ya mlango wa forodha ile.

Bidhaa iliyoendesha mzunguko huu ilikuwa nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na majahazi ya Salem. Waswahili waliiita merikani, na neno hilo lilidumu hata wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, nguo hiyo ilipoadimika na nafasi yake kuzibwa na nguo za Uingereza na za India. Mwenye jahazi wa Salem alikuwa na shida moja. Alifika na majora ya merikani, lakini pembe, sandarusi na ngozi alizozitaka zilikuwa bado bara. Hakuweza kukaa mwaka mzima bandarini. Kwa hiyo, yeye au wakala wake aliwaachia nguo matajiri wa Kihindi kwa ahadi ya kulipwa, kwa fedha au kwa pembe, baada ya miezi kadhaa. Tajiri naye aliwapa nguo hizohizo viongozi wa misafara kwa muda mrefu zaidi. Kiongozi wa msafara, akifika Tabora au Ujiji, aliwagawia wafanyabiashara wadogo, nao wakaingia vijijini. Kutoka Salem hadi kijiji cha Manyema kulikuwa na mnyororo wa watu ambao karibu wote walikuwa wameshika mali isiyolipiwa.

Mpango huu ndio ulioitwa mali kwa kauli, au kwa ufupi mali kauli. Maneno hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Kauli ni neno la mtu, alilolisema. Kilichowekwa mbele ya mali hakikuwa fedha wala shamba, bali neno. Na neno tajiri katika Kiswahili cha wakati huo halikumaanisha tu mtu mwenye mali nyingi, bali yule aliyemtoa mwingine kwa mtaji wake. Kila msafiri alikuwa na tajiri wake, kama vile leo kila mfanyakazi ana mwajiri wake. Kinyume chake, kitenzi kopa kimetajwa katika kamusi za zamani kwa maana mbili zinazokaa pamoja bila aibu: kuchukua kwa mkopo, na kulaghai. Wenye lugha walijua kwamba baina ya mambo hayo mawili pana hatua moja tu, na methali ya kukopa harusi, kulipa matanga, haikutungwa na watu waliolisoma jambo hilo vitabuni.

Chanzo cha thamani kubwa juu ya mpango huu ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Wasomaji wengi huyasoma kwa ajili ya vita na safari. Msomaji mwenye jicho la hesabu atagundua kwamba masimulizi hayo, kwa sehemu kubwa, ni masimulizi ya deni: nani alimwamini, nani alisita, alichukua mali ya nani, na alirudi na nini. Safari yake kubwa ya mwisho kabla ya kuonana tena na Unguja ilianza mwaka 1870 na kumalizika mwaka 1882. Tajiri wake Taria Topan, Khoja aliyekuja kukodi forodha mwaka 1876, alingoja miaka hiyo yote. Hakuna benki ya Ulaya ya wakati ule ambayo ingengoja hivyo.

Subira hiyo haikuwa ya bure. Nguo iliyotolewa kwa kauli iliandikwa kwa bei ya juu kuliko nguo iliyolipiwa papo hapo, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya muda. Kwa njia hii neno riba halikutajwa. Wenye elimu ya sheria walikuwa na njia nyingine iliyo wazi zaidi, nayo ni bei khiyari. Mdaiwa alimuuzia mdai shamba au nyumba yake kwa fedha taslimu, akabaki na khiyari ya kuinunua tena kwa bei ileile ndani ya muda uliokubaliwa. Wakati huohuo aliendelea kukaa humo kwa kulipa kodi. Kodi ilifanya kazi ya riba bila ya kuwa na jina lake. Mikataba hiyo iliandikwa katika karatasi iliyoitwa waraka. Fahad Bishara, katika kitabu chake A Sea of Debt cha mwaka 2017, amezifuatilia nyaraka hizi kutoka Oman hadi Afrika Mashariki, nyingi zikiwa zimeandikishwa katika ubalozi wa Uingereza Zanzibar, na ameonyesha kwamba mtu aliweza kukiri katika waraka deni la kulipwa kwa karafuu za mavuno yajayo au kwa pembe ambazo tembo wake walikuwa bado wanatembea porini. Kwa Waswahili wa leo waraka ni barua ya ofisini au tangazo la wizara. Kwa babu zao ulikuwa kitu kinachoweza kumnyang'anya mtu shamba.

Ipo hatari ya kuusifu mpango huu kupita kiasi, hasa kwa msomi wa lugha anayefurahia kwamba neno la mtu lilitosha. Halikutosha. Nyuma ya kauli palikuwa na watu. Kiongozi wa msafara aliyebanwa na deni na aliyekosa pembe za kununua alizipata kwa bunduki, na waliotekwa wakauzwa au wakabebeshwa pembe zenyewe. Mashamba ya karafuu yaliyowekwa bei khiyari yalikuwa na thamani kwa sababu ya watumwa walioyalima. Konseli Rigby alipowalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao mwaka 1860, sehemu ya dhamana iliyotegemeza mikopo iliyumba siku hiyohiyo. Na katika njaa ya mwaka 1884 Wamijikenda wengi waliwaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Wapo ambao hawakukombolewa. Neno rehani, ambalo leo linasomeka katika fomu za mikopo ya nyumba, liliwahi kumhusu mtoto aliyekaa katika ua wa mtu mwingine akingoja mzazi wake arudi na kishindo cha mahindi.

Biashara na India ilikuwa na chombo chake, nacho ni hundi. Neno ni la Kihindi, na jambo lenyewe ni kongwe kuliko utawala wa Waingereza huko. Namna lilivyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa mfano. Mfanyabiashara wa Unguja amepakia karafuu kwenda kwa wakala wake Bombay. Karafuu zitauzwa huko baada ya wiki nyingi, lakini yeye anahitaji fedha sasa ili anunue mavuno mengine kabla bei haijapanda. Jirani yake ana fedha mkononi na ana deni la kulipa Bombay. Basi wa kwanza anaandika karatasi akimwamuru wakala wake amlipe mwenye karatasi hiyo kiasi fulani cha rupia, na anamuuzia jirani kwa bei iliyo chini kidogo ya kiasi kilichoandikwa. Jirani anaituma Bombay. Anayemdai anaipeleka kwa wakala. Wakala analipa kwa fedha za karafuu. Hakuna reale hata moja iliyovuka bahari, lakini deni la Bombay limekwisha na mkulima wa Pemba amelipwa. Zilikuwapo hundi za kulipwa zikionekana tu, na zilikuwapo za kulipwa baada ya muda kupita tangu kuandikwa. Hizi za pili zilikuwa mkopo kamili, na bei yake ilitegemea muda uliobaki na jina lililoandikwa chini.

Kila kitu kilikuwa katika jina hilo. Wakala akiikataa hundi, habari ilirudi Unguja na jahazi la kwanza la kaskazi, na aliyeiandika hakuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu wanunuzi wa hundi walikuwa ni wale wale aliosali nao, aliowaoza binti zake na aliowategemea wamzike. Ndiyo sababu mtandao huu ulikuwa na nguvu ndani ya jamii moja na ulikuwa mgumu kuingiwa na mgeni. Mswahili wa Pangani mwenye pembe nzuri hakuwa na binamu Mandvi. Aliuza kwa tajiri aliyekuwa naye, kwa bei ya tajiri.

Hawala ni kitu kingine, ingawa katika matumizi ya leo maneno haya mawili hukaribiana. Katika sheria ya Kiislamu hawala ni kulihamisha deni: ninayekudai, nawe unamdai fulani, basi fulani anilipe mimi. Kiini chake ni kuhamisha wajibu, na Kiswahili kimelihifadhi wazo hilo katika kitenzi hawilisha, ilhali hundi kwa asili yake ni amri ya kulipa. Karne ya 20 iliyachanganya. Hundi ikawa jina la cheki ya benki, na hawala ikawa jina la fedha zinazotumwa kwa posta. Kisha neno hilo la pili likapata umaarufu wa namna nyingine mwezi Novemba 2001, wakati Marekani ilipoyafunga matawi ya kampuni ya Kisomali ya al-Barakaat. Magazeti yaliandika hawala kana kwamba ni njama mpya. Wakazi wa Mombasa na Unguja walilijua neno hilo kutoka kwa mababu.

Kabla ya kuyaacha malipo ya karne ya 19, inafaa kusimama kidogo ufukweni. Kampuni za Hamburg, na hasa ile ya O'Swald, zilinunua katika pwani hii simbi, yaani kauri, kwa bei ya kitu cha kuokotwa. Zilizipakia, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikazishusha katika pwani ya Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha halali, na zikanunulia mafuta ya mawese. Kwa muokotaji wa Unguja simbi ilikuwa bidhaa ya kusafirisha nje; kwa muuza mawese wa Lagos ilikuwa malipo. Kitu kimoja kilibadilika kutoka bidhaa kuwa fedha kwa kuvuka bahari tu. Shehena zilipozidi, kauri zilipoteza thamani huko, na akiba za watu zikayeyuka bila wao kujua kwamba sababu ilikuwa katika fukwe wasizowahi kuziona. Upande huu wa Afrika nako simbi zilipanda bara, hata leo Waganda huita fedha ensimbi.

Mabadiliko yalikuja kwa waya. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za barua za British India zikaanza kufika Unguja mwaka 1872, na mwaka 1879 waya wa simu chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden. Bei ya pembe ya London ikajulikana Unguja siku hiyohiyo, na faida ya kujua mapema, ambayo ilikuwa nusu ya utajiri wa nyumba kubwa, ikapungua. Baada ya waya zikaja benki. Benki ya Taifa ya India ilifika Mombasa mwaka 1896, na huko Dar es Salaam Wajerumani waliianzisha Deutsch-Ostafrikanische Bank mwaka 1905. Benki zilileta mtindo wa malipo kwa hati: msafirishaji anaipa benki hati ya meli inayothibitisha kwamba shehena imepakiwa; benki inaishika hati hiyo; mnunuzi wa ng'ambo hapewi, na kwa hiyo hawezi kuichukua shehena, mpaka alipe au akubali kwa saini kulipa siku fulani. Mnunuzi asipoaminika hata kwa hilo, benki yake yeye hutakiwa kuandika barua ya kuahidi malipo, hati zikiwa sawa. Chumba cha Kimataifa cha Biashara kilichoko Paris kilichapisha kanuni za barua hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1933, na toleo linalotumika sasa lilianza tarehe 1 Julai 2007. Msingi wake ni kwamba benki hushughulika na karatasi, si na bidhaa. Kadhi wa Unguja aliyeusoma waraka wa mwaka 1880 asingelishangaa jambo hilo.

Kilichobadilika ni nani aliyeaminika. Benki haikuijua kauli. Ilitaka hatimiliki, kampuni iliyosajiliwa, hesabu zilizokaguliwa. Serikali za kikoloni ziliongeza ukuta juu ya ukuta huo. Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ilifanya deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani isipokuwa kama ofisa wa serikali aliliidhinisha kwa maandishi. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo ya mwaka 1948. Zilitetewa kwa hoja ya kumlinda mwenyeji dhidi ya wakopeshaji, na bila shaka wapo waliolindwa. Lakini tajiri gani angetoa mali asiyoweza kuidai? Mjukuu wa mtu aliyeongoza msafara kwa mali ya kauli ya maelfu ya reale alijikuta, kwa mujibu wa sheria, hawezi kukopeshwa majora kumi ya nguo. Hilo, kuliko uhodari au uzembe wa mtu yeyote, linaeleza kwa nini Waswahili walikuwa wachache miongoni mwa wasafirishaji wa kahawa, katani na pamba ilipofika miaka ya 1950.

Zanzibar ilikuwa na mgogoro wake. Amri za mwaka 1934 zilisimamisha udai wa madeni ya wenye mashamba na kuipa nguvu jumuiya ya wakulima wa karafuu iliyoundwa mwaka 1927; amri ya mwaka 1937 ikaikabidhi ununuzi wa karafuu za kusafirishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona kwamba mtandao wao wote wa hundi na mikopo unakatwa. Wakagoma, na wanunuzi wa India, wakiungwa mkono na chama cha Congress, wakazisusia karafuu za Zanzibar mpaka yalipofikiwa maafikiano mwaka 1938. Wengi huusimulia mgogoro huo kama ugomvi wa kabila kwa kabila. Ulikuwa pia ugomvi juu ya nani ashike ahadi ya mnunuzi wa Bombay.

Wanafunzi wa biashara wa leo hujifunza malipo ya nje kwa istilahi za Kiingereza, na ile barua ya benki ya kuahidi malipo huitwa na wengi kwa herufi zake mbili tu, kwani tafsiri zilizopendekezwa ni kadhaa na hakuna iliyoshinda. Watunga istilahi wamezoea kuanza na neno la Kiingereza na kulitafutia mwenzake. Pengine ingefaa waanze na daftari la forodha. Neno dhamana lipo, neno amana lipo, na yapo mengine yaliyofanya kazi hiyohiyo baharini kwa vizazi vingi kabla kamati haijakutana. Kariakoo, mwenye duka la jumla bado humpa mchuuzi wa Morogoro au wa Lubumbashi majora ya vitenge bila ya kupokea hata shilingi, na wote wawili huiita biashara hiyo mali kauli. Jina la mchuuzi huandikwa katika daftari lenye jalada gumu, pamoja na idadi ya majora, na siku aliyosema atarudi.